Kosta ya Tanga–Mombasa, kwa mtu aliyeogopa kuvuka Horohoro miaka yote

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wanaoogopa. Nyie mnaokwenda Mombasa kila wiki kuchukua mzigo mtaona naongea mambo madogo, lakini mimi nimezaliwa Tanga nimekulia Tanga, nina miaka 51, na kutoka hapa mpaka Horohoro, mpakani na Kenya, ni kama kilomita 65 tu, tena lami tupu, na sikuwahi kuvuka kabla ya Desemba 2024. Huduma ninayoisema ni ile kosta, basi dogo, ya asubuhi ya kwenda Mombasa, ya wale wenye ofisi ndogo wanaochukua abiria wachache na kuwapa mtu wa kuwasindikiza mpaka ng'ambo. Jina lao siliandiki maana kuna jambo la siku ya kurudi sikulipenda kabisa na nitalisema lote, sitaki mtu akawavamie ofisini kwa maneno yangu. Anayewatafuta aulize pale stendi ya Kange ataonyeshwa.

Nauli tulilipa elfu thelathini na tano kwenda, kurudi hivyohivyo. Ni ghali ukilinganisha na basi la kawaida, hilo nalijua. Nyongeza yote ni ya yule dada anayesindikiza, na kwangu mimi yule dada ndo safari yenyewe.

Sasa kwanza nieleze nilikuwa naogopa nini, manake bila hivyo hamtaelewa kwa nini naisifu kosta.

Dada yangu mkubwa, wa tumbo moja, ameolewa Mombasa tangu 1991, anakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Alikuwa anakuja yeye, mimi siendi. Miaka ya nyuma ilikuwa uvivu na watoto wadogo. Halafu Septemba 2013 likatokea lile shambulio la Westgate kule Nairobi, watu 67 wakauawa dukani wananunua vitu vyao, na mimi nilikaa mbele ya televisheni siku zote zile mpaka mume wangu akaizima. Machi 2014 watu wenye silaha wakaingia kanisani Likoni, wakapiga risasi waumini. Likoni jamani, hapo hapo ambapo wakati ule mtu wa Tanga ilikuwa lazima avuke kwa feri ndo aingie Mombasa. Mwezi uliofuata shemeji yangu akafariki.

Sikwenda. Nilifunga begi nikalifungua. Miezi minne na siku kumi dada yangu alikaa eda na mimi mdogo wake sikutia mguu ndani ya nyumba ile, nilituma hela na unga na nikapiga simu kila jioni, na yeye hakunilaumu hata siku moja, ndo iliniuma zaidi. Mwaka uliofuata ikaja ya Garissa, chuo kikuu kikashambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Basi nikasema nilikuwa sahihi, na nikaufunga mlango.

Mwanzoni mwa 2024 mtoto wa dada akapata mchumba nikajikaza, nikaenda Uhamiaji na cheti changu cha kuzaliwa, NIDA, na kiapo cha mzazi kwa sababu cheti cha mama hakipo, nikalipa 150,000 nikapata pasipoti. Nikapanga nikawatembelee Julai. Juni 25 zikaanza kuingia video kwenye magrupu, vijana wameingia bungeni Nairobi, moshi, milio, na kila mtu anaongeza yake. Nikairudisha pasipoti kabatini chini ya mashuka. Ilikaa huko mpaka Novemba.

Harusi ikapangwa Desemba. Dada akaniambia kwa simu, mdogo wangu mimi sikulazimishi lakini huyu mtoto hana shangazi huku, ni wewe tu mama yake mdogo. Nikalia, halafu nikaenda Kange.

Kila niliyemwambia naogopa alinijibu usiogope. Mume wangu, usiogope. Jirani, usiogope Mungu yupo. Mungu yupo najua, lakini neno hilo halikunisaidia hata kidogo, kwa sababu mtu akikwambia usiogope maana yake amemaliza mazungumzo, na wewe unabaki na woga wako vilevile ila sasa huna wa kumweleza. Yule dada wa ofisini hakuniambia hivyo. Ni binti mdogo, labda miaka 28, akaniamkia shikamoo mama, akanipa kiti, nilipomwambia naogopa Kenya akaniuliza, unaogopa nini hasa mama?

Nikaanza kumtajia. Mabomu. Polisi wa huko. Feri, manake 2019 gari liliteleza kwenye feri ya Likoni likazama na mama na mtoto wake na picha ile niliiona. Wezi. Kupotea. Kuumwa nikiwa sina ndugu karibu. Alikuwa anasikiliza tu, akaandika kwenye karatasi, tena hakucheka. Halafu akanijibu kimoja kimoja na majibu yake sikuyatarajia.

Kuhusu mabomu akasema, mama hilo siwezi kukuahidi, hata hapa Tanga siwezi kukuahidi, ninachojua ni kwamba napita njia ile mara mbili kwa wiki mwaka wa nne huu na kukitokea lolote kule tunasikia mapema kwa madereva wenzetu na safari tunaahirisha, na hela unarudishiwa. Wezi, akasema hilo ndo la kweli, pale kwenye feri watu ni wengi wanasukumana na simu zinaibiwa, mkoba utauweka mbele na simu utaizima uiweke ndani ya nguo, hutaitoa mpaka tuvuke. Na kitu cha mwisho alichosema ndo kimenikaa mpaka leo. Alisema, mama katika vyote ulivyonitajia hujataja barabara, na kitu kinachoweza kukuumiza zaidi kwenye safari hii ni barabara, kwa hiyo utafunga mkanda.

Niliporudi nyumbani nikamwomba mwanangu aniangalizie kwenye intaneti, na kweli Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka wanakufa barabarani watu kama milioni 1.19 dunia nzima. Na mimi nimepanda mabasi ya Dar miaka yote hiyo bila mkanda na sijawahi kukosa usingizi hata dakika nikiwaza kuhusu hilo. Nilikuwa naogopa vitu vya kwenye televisheni, cha kwenye njia yangu mwenyewe sikuwa nakiona.

Wakanipa pia maelekezo ya maandalizi, na hapa nawasifu kwa sababu hawakuongeza chumvi. Chanjo ya homa ya manjano lazima uchanjwe siku kumi kabla, chini ya hapo kadi haihesabiki, na ukichanjwa mara moja inatosha maisha yako yote, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani asidanganywe achanje tena. Hela, walisema nibebe ndogo tu mkononi na nyingine nimtumie dada yangu mapema, manake M-Pesa ya Voda ya huku inatuma moja kwa moja kwenye M-Pesa ya Safaricom ya kule. Nilifanya hivyo, na niseme kweli usiku ule nililala, kujua kwamba hata nikiibiwa mkoba mzima hela yangu ishafika Kibokoni kabla yangu.

Siku ya safari tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa moja na dakika arobaini. Hilo ni kosa, na hakuna aliyetoka kutuambia tunasubiri nini, tulikaa tu kwenye gari na watoto wanalia. Kiti changu nacho mkanda kishikizo chake kilikuwa kimekufa. Nikamwita yule dada wa kosta, nikamwambia mwanangu wewe si ndo uliniambia nifunge, akanihamishia cha mbele nyuma ya dereva na yeye akakaa kile kibovu. Nilimheshimu kwa hilo lakini kosta inayopita mpakani isiwe na mkanda mbovu, watengeneze.

Tukatoka mjini, tukapita Amboni. Hapo ndo kulinitokea kitu.

Wenyeji wa Tanga mnakumbuka Februari 2015, mapigano ya askari na wale watu wenye silaha mapangoni Amboni, mwanajeshi wetu mmoja alipoteza maisha. Sisi wa Ngamiani tuliona magari yanapita, tuliogopa, siwezi kusema hatukuogopa. Lakini asubuhi yake niliamka nikakaanga vitumbua vyangu kama siku zote na wateja wakaja, wengine wakauliza habari, wengine wakauliza vitumbua vya moto vipo. Siku hiyohiyo dada yangu akanipigia kutoka Mombasa analia. Tokeni huko, beba watoto, njooni huku kwangu, naona kwenye taarifa ya habari Tanga kuna vita. Nilimwambia dada mbona mimi niko hapa kibarazani nakaanga. Hakuniamini. Tangu siku ile hajaja Tanga mpaka leo, anasema magoti, anasema biashara, lakini mimi namjua dada yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha nyuma ya dereva naangalia kibao cha Amboni kinapita dirishani na nikaona kumbe mimi na yeye tumekaa miaka kumi kila mtu anamwogopea mwenzake kutoka kwenye televisheni yake, katikati kuna saa chache tu za gari. Nilifunika uso na mtandio. Dada wa kosta aliona, hakuuliza kitu, akanipa maji.

Mpakani sasa, manake najua wengi hapo ndo roho inaruka. Ni kituo cha pamoja, yaani ukiwa unatoka huku unakwenda Kenya hushuki Horohoro, gari linapita mpaka Lungalunga, mambo yote yanafanyika kule chini ya paa moja, dirisha hili afisa wetu anakugongea muhuri wa kutoka, dirisha la pili wa Kenya anakugongea wa kuingia. Ukirudi unafanyia Horohoro. Wakaangalia na kadi ya chanjo. Afisa wa Kenya aliniuliza nakwenda wapi na kufanya nini nikasema harusini kwa dada yangu, akagonga. Dakika mbili. Miaka yote ile nilikuwa nimejitengenezea chumba chenye giza na maswali, nikakuta mtu amechoka, ana kikombe cha chai, anataka foleni iishe.

Nje ya jengo akaja kijana na simu mkononi, kavaa vizuri, akaniambia mama wewe hujajaza eTA, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, wageni wote wanajaza sasa, nipe pasipoti nikujazie kwa elfu tatu za Kenya. Moyo ulishuka. Ningekuwa peke yangu ningempa pasipoti, naapa ningempa. Dada akaja mbio, akamwambia huyu ni raia wa Jumuiya, eTA haimhusu, na kweli sisi raia wa Tanzania hatujazi hiyo kitu. Kijana akaondoka bila neno. Halafu dada akatukusanya abiria wote wageni akatuambia kwa sauti, pasipoti yako haishiki mtu yeyote zaidi ya afisa aliyekaa nyuma ya dirisha. Nyongeza ya nauli yangu ilirudi yote pale pale. Na wabadilisha hela wa barabarani alitukataza, akatuambia tujue tu kwamba mia ya Kenya inakaribia elfu mbili ya kwetu, basi anayekupa hesabu ya mbali na hapo anakuibia.

Njia ya Lungalunga mpaka Likoni sina mengi, kuna polisi wanasimamisha gari mara kadhaa, wanaangalia pasipoti wanarudisha. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka. Mara ya tatu nilikuwa nakula muhogo. Kitu kimoja kilichonishangaza ni watu, vijiji vya huko ni Wadigo kama Wadigo wetu wa Mkinga, kina mama wamejifunga leso vilevile, mama mmoja kwenye kizuizi anauza korosho akatuamkia kwa lafudhi ambayo ukifumba macho uko Duga. Nilikuwa naiita nje ya nchi, na ni nje ya nchi kweli, pasipoti yangu ina muhuri, lakini wale watu ni ndugu zetu.

Feri. Abiria wote mnashuka, gari linaingia lenyewe na nyie mnaingia kwa miguu, na kwa miguu hulipi kitu. Watu ni wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali popote, geti likifunguliwa mnatembea kama maji. Dada alitupanga wawili wawili kina mama katikati, mikoba mbele, akatuambia tukipotezana tukutane chini ya ule mti upande wa pili, tena alishatuonyesha picha yake kwenye simu tangu Tanga. Dakika chache tu tumefika. Niliangalia maji yale na niliogopa, nakiri, sisi watu wa pwani hii tuna ndugu zetu Pemba na Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama nilikwenda kuhani nyumba tatu, kwa hiyo sitamwambia mtu maji si kitu. Lakini hata baada ya Spice Islander tumeendelea kupanda boti za Pemba. Nikajiambia hivyo nikashika chuma nikavuka. Kijana mmoja wa gari letu aliyetoa simu apige video aliibiwa hapohapo, tulikuwa tumeshaambiwa, maskini.

Walitufikisha mpaka mjini na kila mtu dada alihakikisha amepokewa ndo akamwacha. Wangu alikuwa mpwa wangu na tuktuk. Dada wa kosta alimsalimia, akamuuliza jina la mama yake kwanza kabla hajanikabidhi. Kitu kidogo hicho, lakini mwenye woga anakielewa.

Kwa dada yangu sitaongea mengi. Nyumba ina ngazi nyembamba za mbao, na ukutani kwenye msumari kofia ya shemeji ya kushona kwa mkono bado imetundikwa. Niliiangalia nikashindwa kusema. Dada akaniambia kaa, mahamri yanapoa. Siku sita nilikaa, tumekwenda Marikiti wenyewe kwa miguu tukanunua vitu vya harusi, nimepita mbele ya Fort Jesus usiku na watoto wanakula viazi karai, na kila siku nilikuwa naweka mkoba mbele kama nilivyofundishwa na sikupoteza hata shilingi.

Sasa kurudi, na hapa nataka wenye ofisi wasome vizuri. Tuliambiwa saa sita mchana, tukaondoka saa kumi na robo. Yule dada hakuwepo, yuko zamu nyingine, tukapewa kondakta kijana tu. Dereva alikuwa anataka kufidia muda, tukipita Msambweni alikuwa anakimbiza gari kwa namna ambayo wanawake tulianza kusoma dua kwa sauti. Nilimwambia kondakta mwambie apunguze, akanijibu mama kaa utulie tutafika. Nikasimama nikaenda mwenyewe mbele, nikamwambia dereva, baba, mimi nimeogopa safari hii miaka kumi na kila nilichokiogopa hakikunidhuru, usinidhuru wewe. Alipunguza. Mzee mmoja nyuma akasema asante mama. Tukaingia Tanga saa tatu na nusu usiku.

Nilikwenda ofisini kesho yake. Yule dada alisikiliza kama siku ya kwanza, akaandika, mwenye gari akapigiwa mbele yangu, nikarudishiwa elfu kumi na kuombwa radhi. Nimepokea radhi. Lakini nasema wazi, mnaouza usalama kwa bei ya juu hamwezi kuwa na msindikizaji safari ya kwenda tu, na saa ya kuondoka iwe saa ya kuondoka. Ya kwenda nawapa nyota tano ukitoa kile kiti, ya kurudi mbili, na hiyo ya pili ni kwa sababu dereva alisikia.

Kwa mwenye woga kama wangu, nenda uongee na yule dada hata kama hujaamua kusafiri, hatozi kitu kwa kuongea, na mwambie unachoogopa kwa jina lake. Na uombe gari lake kwenda na kurudi, ukiambiwa hayupo ngoja zamu yake.

Juzi Jumapili dada yangu amepiga simu. Magoti yamepata nafuu, anataka kuja mfungo sita huu, mwezi wa Maulidi, mara ya kwanza tangu 2015. Akaniuliza, mdogo wangu, hapo Amboni sasa hivi pakoje? Nilitaka kumwambia usiogope, nikajizuia. Nikamwuliza, dada, unaogopa nini hasa? Tumeongea mpaka salio langu likaisha, akanipigia yeye, nikachukua karatasi nikaanza kuandika.